Dawa ya meno haiondoi mkwaruzo kwenye TV

Hapa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya WhatsApp: paka dawa ya meno kwenye mkwaruzo wa TV, sugua, kioo kitarudi kipya. Si kweli.

Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia. TV nyingi bapa za LCD, tofauti na zile za zamani zenye tumbo nyuma, mbele hazina kioo kigumu bali utando wa plastiki wenye tabaka la kupunguza mng'ao. Ukisugua, unalikwangua tabaka hilo, na mstari mwembamba unageuka doa pana la ukungu. Vaselini nayo huujaza mkwaruzo tu. Ikifutika, unaonekana tena.

Kinachowachanganya watu ni unyevu: kioo kikiwa bado kimelowa mkwaruzo hujificha, picha inapigwa, inatumwa. Na kwenye plastiki ngumu, kama kioo cha saa rahisi, mbinu hii husaidia kidogo.

Unataka kuhakikisha? Zima TV, mulika tochi ya simu kwa ubavu, kisha pangusa polepole kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Alama ikitoka, ulikuwa uchafu tu. Hapa pwani upepo wa chumvi hauna simile. Ikibaki, iache. Na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.