Kichaka cha Makorongoni: Lebo Zisemavyo na Watu Wazisomavyo

Kwenye makorongo ya kusini mwa Utah na kaskazini mwa Arizona, Marekani, huota kichaka chenye majani ya mviringo yaliyojaa vinyweleo vya rangi ya fedha. Jina lake la kisayansi, *Shepherdia rotundifolia*, lilitolewa na mtaalamu wa mimea Charles Parry mwaka 1875. Tangu hapo matawi yake yamekaushwa, yakabandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa katika herbaria mbalimbali, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, na siku hizi lebo nyingi za mimea iliyokaushwa hivyo, zenye jina la mmea, mkusanyaji, mahali na tarehe, husomwa mtandaoni kama rekodi na nukta za ramani. Husomwa vibaya pia, kwa madai kama haya.

"Nukta za ramani zinaonyesha mmea unakoota."

Zinaonyesha mkusanyaji alikofika. Kandokando ya barabara nukta hujazana. Juu ya miamba isiyo na njia hakuna hata moja, na huenda kichaka kimejaa tele huko. Mwaka 1938 Elzada Clover na Lois Jotter wa Chuo Kikuu cha Michigan walishuka mto Colorado kwa mashua wakikusanya mimea, kwa hiyo rekodi zao zinafuata maji. Isitoshe, kabla ya GPS lebo ilitaja tu maili kadhaa kutoka mji fulani. Latitudo na longitudo zilikisiwa miaka mingi baadaye na mtu aliyekaa mezani. Kwenye nchi tambarare, kukosea kilomita mbili tatu si neno. Korongo la Grand Canyon, Arizona, ni habari nyingine: kutoka ukingo wa kusini hadi mtoni ni kushuka takriban mita 1,400, na kosa dogo hilo linaweza kukihamisha kichaka kutoka kwenye baridi ya misonobari hadi kwenye joto la jangwa. Rekodi isiyotaja makisio yake yanaweza kukosea kwa umbali gani, mimi siitumii kupima mwinuko.

"Rekodi tano ni vichaka vitano."

Si lazima. Mkusanyaji huweza kukata matawi kadhaa mahali pamoja, akayapa namba moja na kuyagawia herbaria tofauti. Linganisha jina lake, namba na tarehe kabla ya kuhesabu.

"Karatasi moja yatosha kuujua mmea."

Kichaka hiki kina dume na jike, kama mpapai. Tawi la dume halitakuonyesha tunda hata ulisubiri vipi.

"Jina la kwenye lebo ndilo la mwisho."

Mtaalamu akiona limekosewa hubandika kijikaratasi kipya, cha zamani kikabaki palepale. Tazama picha ya karatasi yenyewe, usiishie kwenye jina lililochapwa.

"Rekodi za zamani zifutwe, zimepitwa na wakati."

Bwawa la Glen Canyon, kwenye mto Colorado, lilianza kuzuia maji mwaka 1963, na ziwa Powell likafunika sehemu kubwa ya korongo la Glen. Mimea iliyokusanywa kabla ya hapo mahali ambapo sasa pako chini ya maji haiwezi kukusanywa tena pale. Na tawi kavu bado lina kazi: tarehe yake hueleza msimu wa maua wa mwaka ule, na mara nyingi vinasaba vyake bado vinasomeka.