Je, wajua kwa nini Hatua 12 za kuacha ulevi zinamtaja Mungu?

Katika Hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, mlevi huanza kwa kukiri kwamba pombe imemshinda, kisha anajikabidhi kwa nguvu iliyo kubwa kuliko yeye. Wengi hujiuliza: tiba gani hii inayofanana na ibada?

Chanzo chake ni tajiri mmoja wa Marekani, Rowland Hazard, aliyevuka bahari hadi Zurich kutibiwa na Carl Jung, daktari mashuhuri wa magonjwa ya akili. Inasimuliwa kuwa Jung alimweleza bila kuficha: udaktari haukuwa na la kumsaidia, na wachache wa hali yake waliopona walipona kwa kuguswa rohoni. Hazard akajiunga na Oxford Group, jumuiya ya Kikristo iliyoanzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Frank Buchman. Humo watu waliungama makosa yao mbele ya wenzao, wakarudisha haki za waliowadhulumu, na kila siku wakakaa kimya wakisubiri uongozi wa Mungu. Zisome Hatua 12, utayakuta yote hayo.

Kupitia kwa Hazard, ujumbe huo ulimfikia Ebby Thacher, naye akaupeleka kwa rafiki yake wa zamani, Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York ambaye pombe ilikuwa imemmaliza. Wilson aliacha kunywa Desemba 1934. Miezi michache baadaye biashara ilimwangusha akiwa mjini Akron, Ohio, kiu ikamrudia. Akashika simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15 tu. Wakaongea kwa saa nyingi.

Kwangu mimi, hapa ndipo penye uzito. Dkt. Bob alikuwa akihudhuria Oxford Group kwa zaidi ya miaka 2, akisali kwa moyo wake wote, na bado akilewa. Alichokikosa ni mtu aliyeipitia aibu ileile, asiyekuja kumhubiria bali kwa sababu na yeye alimhitaji. Baada ya hapo alianguka mara moja tu. Juni 10, 1935, siku anayokumbukwa kunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous.

Walipoandika kitabu chao, kilichotoka 1939, wanachama wasioamini dini walibisha vikali. Ndipo yakaingia maneno “Mungu kama tulivyomwelewa”. Mabishano hayo yaliokoa watu wengi, maana mlango ulifunguka kwa wasio Wakristo na hata wasio na dini kabisa. Mwaka 1953, huko California, Narcotics Anonymous ilizichukua hatua hizo kwa ajili ya waraibu wa dawa za kulevya. Leo zinatumika hata katika soba hausi za Zanzibar, yaani nyumba wanakokaa waraibu wakijifunza kuacha, ambako karibu wote ni Waislamu, na anayemwongoza mgeni mara nyingi ni mtu aliyewahi kutumia unga mwenyewe.