Alama ya "=" haisomwi "sawa na"

Wiki ya tatu ya muhula, maabara imejaa, wengine wawili wawili kwenye kompyuta moja. Ubaoni nimeandika mstari mmoja wa programu, kwa lugha ya Python:

x = x + 1

Kijana wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. "Dokta, hiyo haiwezekani. Ukihamisha x upande wa pili unabaki na 0 = 1."

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana alikuwa sahihi. Tangu kidato cha kwanza hadi cha sita amefundishwa kwamba alama ile ni mizani: cha kushoto na cha kulia vina uzito mmoja. Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales aliyeianzisha mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Halafu mimi, wiki ya tatu, nimegeuza maana bila kumwambia mtu.

Kosa lilikuwa mdomoni mwangu. Mihadhara yetu ni ya Kiingereza na slaidi ni za Kiingereza, lakini mtu akikwama kweli kweli maabara sote tunarudi kwenye Kiswahili. Na kila nilipousoma mstari ule nilisema "eksi ni sawa na eksi jumlisha moja", jambo ambalo ni uongo mtupu. Siku hizi naanzia kulia: "Chukua alichonacho eksi, jumlisha moja, jibu mpe eksi." Neno "mpe" linabeba kitu ambacho "sawa na" haikibebi: hapa kuna tendo, na tendo lina kabla na baada. (Ndiyo, nimemfanya eksi kuwa mtu. Rafiki yangu wa isimu hajanisamehe.)

Waliobuni lugha za programu nao walivutana. FORTRAN ya mwaka 1957 ilitumia "=". ALGOL ikaona hapana, ikaandika ":=", na Pascal ya Niklaus Wirth ikafuata mwaka 1970. Ken Thompson wa Bell Labs, kwenye lugha yake ya B, alirudi kwenye "=" kwa hesabu ya kuokoa vidole: kumpa kigeu (jina linaloshika thamani, kama x) thamani hutokea kama mara mbili zaidi ya kulinganisha, kwa hiyo alama yake iwe nusu ya urefu. Kulinganisha kukaachiwa "==". C ikarithi hivyo, Python nayo inaandika vivyo hivyo, na mwanafunzi wangu ndiye anayelipa.

Sasa tazama swali ninalowapa kabla hawajagusa kibodi: mstari wa mwisho utaonyesha namba gani? (Nyota ni kuzidisha, print ni kuonyesha kwenye skrini.)

bei = 500
idadi = 3
jumla = bei * idadi
idadi = 10
print(jumla)

Chapati tatu, kisha mteja akabadili mawazo akataka kumi. Wengi huandika 5000. Nilidhani ni uvivu mpaka nilipomuuliza mmoja anieleze. Alikuwa akiwasaidia nyumbani hesabu za duka kwa Excel, na kwenye Excel ukibadilisha idadi, jumla inajibadilisha yenyewe, kwa sababu fomula inakaa pale pale kwenye seli ikisubiri. Katika Python mstari wa tatu ulifanya kazi yake mara moja, ukampa "jumla" namba 1500, ukasahau ilikotoka. Hakuna fomula iliyobaki. Jibu ni 1500, na ukitaka 5000 lazima uizidishe upya.

Dawa yangu ni ya kizamani: karatasi na penseli. Safu moja kwa kila kigeu, mstari mmoja kwa kila hatua, thamani ya zamani unaikata kwa mstari, hufuti. Wanalalamika kwamba wamekuja kusoma kompyuta, siyo kuchora majedwali. Nawaacha walalamike. Aliyekariri desa la mwaka jana jedwali linamuumbua dakika ya tano, ambayo ni nafuu kuliko kuumbuliwa na sapu, ule mtihani wa marudio.

Zamani nilitumia ndoo: kila kigeu ni ndoo, thamani ni maji. Kwa kubadilishana vilivyomo ndani ya a na b mfano ni mzuri, kila mtu anaona kwamba unahitaji ndoo ya tatu. Lakini ukimimina maji, ndoo ya kwanza inabaki tupu, na a = b haimwagi chochote kutoka b. Tukifika kwenye orodha ndoo inapasuka kabisa:

washiriki = ["Juma", "Neema"]
nakala = washiriki
nakala.append("Rehema")
print(len(washiriki))

Append inaongeza jina kwenye orodha, len inahesabu yaliyomo. Inatoka 3. "Lakini Dokta, washiriki hatujawagusa!" Hapo namleta Mama Asha. Mtaani anaitwa Mama Asha, shuleni anakofundisha anaitwa Ticha. Ticha akipita saluni baada ya kazi akasuka nywele, Mama Asha anafika nyumbani amesukwa. Mtu ni mmoja, majina mawili. Mstari wa pili haukutengeneza orodha nyingine, uliongeza jina tu. Ukitaka orodha ya pili iombe waziwazi: washiriki.copy().

Mwaka huu binti mmoja hakuridhika. "Je, Ticha akihamishwa, shule ikaletewa ticha mwingine?"

Nikamwomba aje aandike mwenyewe ubaoni. Akaongeza nakala = ["Baraka"], akasimama na chaki mkononi, akaifikiria. "Jina la Ticha sasa ni la Baraka," akasema polepole. "Mama Asha yuko kwake na nywele zake." Kisha akaandika 3, akaipigia mstari, akarudi kukaa.