Kiuzbeki na Kijerumani: tusiyoyaelewa kuhusu lugha ya hisia

Dhana: Wajerumani ni wakavu, lugha yao haina hisia.

Hisia zimejaa, ila hupimwa. Kuna "nakupenda" mbili: "Ich hab dich lieb" huambiwa mzazi, ndugu au rafiki wa karibu. "Ich liebe dich" ni zito, aghalabu la mpenzi. Mwenzako wa kazini ukimwambia la pili kwa kumshukuru, atashtuka.

Dhana: moyo ni moyo, kamusi inatosha.

Hapa ndipo wafasiri wengi huteleza. Kiuzbeki kina yurak na ko'ngil. Yurak ni moyo unaodunda kifuani, tena makao ya ushujaa: "yuragi yo'q", yaani hana moyo, ni mwoga. Mjerumani akisema "herzlos", asiye na moyo, anamaanisha katili. Ukihamisha neno kwa neno, mwoga wa watu umemfanya muuaji.

Ko'ngil ni moyo wa hamu na utulivu. "Ko'nglim to'q", moyo wangu umeshiba, maana yake sina wasiwasi. Lakini "ko'nglim ayniyapti" ni kichefuchefu, kama sisi tunavyosema moyo umechafuka. Mkalimani wa hospitali asiyelijua hilo atamweleza daktari habari za huzuni, na mgonjwa anataka kutapika. Kabla ya kufasiri, uliza kwanza: kinachosemwa ni mwili, ujasiri au hali ya nafsi? Kisha tafuta msemo mzima, usitafute kiungo. Huzuni inayomwingia Mjerumani humwendea kwenye figo ("das geht mir an die Nieren"). Kwetu hukata maini.

Dhana: "aylanay" ya Kiuzbeki ni "mpenzi" tu.

Maana yake ni "nikuzunguke". Bibi humwambia mjukuu, na nyuma yake ipo imani ya kale: anayemzunguka mgonjwa huyabeba maradhi yake. Inasimuliwa kuwa Babur, mwasisi wa dola ya Mughal huko India na mzaliwa wa Andijan katika Uzbekistan ya leo, alikizunguka kitanda cha mwanawe Humayun. Mwana akapona, baba akafariki mwaka 1530. Kijerumani "mein Schatz", hazina yangu, kinabeba upole, lakini kule kujitoa kunapotea. Kiswahili kina bahati: "nife mimi" inakaribia sana.

Dhana: "siz" ya Kiuzbeki ni sawa na "Sie".

Zote ni "wewe" ya heshima, ila Sie huweka umbali. Katika familia nyingi za Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, mama humwita hata mtoto mdogo siz, kwa mapenzi na kumfunza adabu. Kwa Kijerumani mwandikie "du", "wewe" ya watu wa karibu. Ukiweka Sie, msomaji atadhani mama amemsusia mwanawe.