Jina la Mtoto Litakuwa Jina Lako Pia

Mimi ni mkunga, na sehemu ya kazi yangu ambayo watu hawaifikirii sana ni kuandika majina. Tangu mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ulipofika mkoani kwetu, cheti cha kuzaliwa kinajazwa kwa mkono papo hapo kituoni, bila malipo. Mzazi anakaa mbele yangu, namuuliza mtoto anaitwa nani, na mara nyingi ndipo simu inapotolewa na orodha ya majina inaanza kupekuliwa.

Orodha hizo sizipendi. Utaambiwa jina hili ni "nuru" na lile ni "malkia", lakini ni kwa lugha ya nani, na nani kwenu aliwahi kuitwa hivyo, hakuna wa kukujibu. Mtoto akifika darasa la pili wenzake watamuuliza kwa nini anaitwa anavyoitwa. Anastahili kuwa na jibu, na jibu hilo liwe na watu ndani yake.

Wazee wetu waliangalia mtoto kaja lini na kaja vipi. Wa Ijumaa ni Juma au Mwanajuma, wa Alhamisi ni Hamisi au Mwanahamisi, wa mwezi wa mfungo ni Ramadhani, wa usiku ni Chausiku. Pili kazaliwa wa pili, Tatu wa tatu. Mapacha wa Kisukuma na Kinyamwezi ni Kulwa na Doto, majina ambayo sasa yameenea nchi nzima, na kwa Wasukuma anayewafuata mapacha ni Shija. Kwa Wajaluo, Otieno kazaliwa usiku na Okoth kazaliwa mvua ikinyesha. Hata jina la Nyerere lina asili hiyo: kwa Kizanaki ni viwavi, na baba yake Mwalimu alipewa kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia. Mwalimu mwenyewe, alipozaliwa Butiama mwaka 1922, kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi, kisha kwa ushauri wa mganga akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja kwenye ubatizo, akiwa mtu mzima.

Kwa hiyo sina ugomvi na jina la tukio. Ninalolipinga ni jina la machungu.

Naletewa Shida, Tabu, Mateso, Masumbuko, Majuto, Machozi. Nikiuliza sababu, ninachosimuliwa ni habari za mama wala si za mtoto: mume aliondoka mimba ikiwa changa, mama mkwe hakumtaka, mwaka ule shamba halikutoa kitu. Najua ipo desturi ya zamani, katika makabila mengi, ya mama aliyezika watoto kumpa anayefuata jina baya kusudi kifo kimdharau na kumpita. Hiyo ni dua, na naiheshimu. Lakini mengi ninayoletewa leo ni mashtaka dhidi ya mtu mzima fulani, na mtoto ndiye anayetumwa kuyapeleka.

Mama mmoja kijana alikuja na wifi yake, mtoto wa kike kamviringisha kwenye kanga. Nikauliza jina.

"Andika Majuto, nesi."

Wifi akainamisha kichwa. Sikuandika. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kuanzia sasa mtaani hutaitwa tena jina lako. Dukani, msibani, kwenye kikao cha shule, utaitwa Mama Majuto. Hili linalokuuma litapita, na watu wataendelea kukuita hivyo hivyo."

Akanyamaza. Wifi ndiye aliyesema, taratibu, "Bibi aliyetulea aliitwa Subira."

Yule binti akamtazama mtoto, akalijaribu mdomoni: "Mama Subira." Nilingoja mpaka aliponiambia mwenyewe niandike. Jina hilo halifichi yaliyompata. Anayejua atajua kwamba mambo yalikuwa magumu, na asiyejua ataona mtoto amerithi jina la bibi. Ndiyo maana huwa nawashauri wenye uchungu watafute jina la upande wa pili wa uchungu wao, kama Subira, Faraja, Tumaini au Neema.

Wanaosema jina si kitu nawakumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari, mkusanyiko wa mapokeo ya Mtume Muhammad. Mtu aitwaye Hazn, yaani ugumu, alimwendea Mtume, naye akamwambia awe Sahl, wepesi. Yule mtu akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyib, alisema ugumu ule ulibaki katika ukoo wao. Na tumtazame Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akaitwa Mtumwa. Lakini ni kwa jina la Siti, la mwanamke mwenye heshima, ndipo aliposikika hadi Bombay, ambako sauti yake iliwekwa kwenye santuri mwaka 1928.

Wazazi wakivutana, mara nyingi hawagombanii maana. Mume Mnyakyusa anataka Lusajo, mke wa Tanga anataka Baraka, na kumbe ni kitu kile kile. Hapo wanagombania mtoto ni wa nani. Wakikuyu walilimaliza zamani kwa utaratibu: mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Sisi wengine tuwaulize wazee wa pande zote mbili, shangazi asisahaulike, kisha wazazi waamue wenyewe. Litakaloachwa linaweza kubaki jina la nyumbani, na wapo watu wazima wanaolipenda la nyumbani kuliko la kwenye cheti. Kwa Waislamu, mkimpa Abdulrahman, msimkatie jina akabaki Rahman, maana hiyo ni sifa ya Mwenyezi Mungu.

Sasa kalamu. Mtoto atabeba jina lake, la baba na la babu, kwa hiyo litamkeni lote kwa sauti mlisikie. Halafu kubalianeni linavyoandikwa, Mohamed au Mohamedi au Muhammad, Khamis au Hamisi, na mliandike hivyo hivyo kliniki, shuleni na kila mahali. Herufi moja ikipishana kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa, kijana ndiye atakayehangaika na hati za kiapo wakati wenzake wanaomba mkopo wa chuo. Tahajia ya jina la baba iangalieni kwenye kitambulisho chake, msiiandike kwa kukumbuka.

Na hakuna anayekukimbiza. Mpango huu unampokea mtoto hadi afikishe miaka mitano, kwa hiyo huna haja ya kuamua kitovu hakijadondoka. Mpigie simu bibi yake kwanza, umuulize walioitwa nini waliomtangulia, kisha uje na kadi ya kliniki na jina lililoandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa.