Altezza kama gari ya pili: chukua ya silinda 6, tena ile ambayo haijachezewa

Wakuu, kuna mtu mmoja ambaye anakuja gereji kwa sura tofauti tofauti ila maswali ni yale yale. Ana IST au RAV4 yake ya kazini, watoto wanapelekwa shule, mambo yanaenda, sasa anataka gari ya pili ya spoti ya kuendesha wikiendi, ya zamani na ya bei ndogo, isimle hela. Tisa kati ya hao kumi wanataja Altezza. Mimi kazi yangu ni Toyota zinazosukuma kwa nyuma, Mark II, Chaser, Verossa na hizo Altezza zenyewe, hivyo leo naandika kwa urefu ili nikiulizwa tena niwe natuma hii.

Jibu langu fupi ni hili: nunua AS200 ya silinda 6, iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, na theluthi ya hela yako usiiguse siku ya kununua. Sasa nieleze kwanini.

Altezza ilitoka Oktoba 1998, ikashinda gari ya mwaka huko Japani msimu wa 1998-1999, na ikaacha kutengenezwa 2005. Ulaya na kwingine iliuzwa kama Lexus IS200. Kumbuka hilo jina, litakusaidia kwenye kutafuta spea. Ni sedani ya milango minne, injini mbele, inasukuma kwa nyuma, na chini ina dabo wishboni (mikono miwili, wa juu na wa chini, inayoshika kila tairi) pembe zote nne, kitu ambacho kwenye gari za bei hii hukipati. Ndio maana inakaa barabarani vizuri hivyo. Na viti vya nyuma vipo vya watu wazima, kwa hiyo hata nyumbani ukiitetea inaeleweka.

Suala la kuagiza Japani tulimalize haraka. Kwa Tanzania unaruhusiwa, lakini gari iliyozidi miaka 10 inaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa forodha, ekisaizi na VAT, na Altezza zote duniani zimeshapita umri huo kitambo. Halafu kule kule Japani bei imepanda, kwa sababu Marekani inaruhusu gari yoyote ikifikisha miaka 25 na Altezza za kwanza zilifikisha 2023, kwa hiyo sasa unagombania mnadani na Wamarekani, hasa zile za gia za mkono. Kwa ndugu zetu wa Kenya hata mjadala haupo, mwisho wao kuagiza ni miaka 8, zilizopo Nairobi na Mombasa ndio hizo hizo. Kwa hiyo tunaongelea gari ya mkononi, iliyoshatembea mjini, na hapo ndipo kazi ilipo.

Injini. Kuna AS200 yenye 1G-FE, silinda 6 za mstari, cc 2000, hospawa 160. Kuna RS200 yenye 3S-GE, silinda 4, cc 2000 pia, hospawa 210 kwenye gia za mkono, hedi yake (kichwa cha injini) Yamaha walishiriki kuitengeneza, na nguvu yote iko juu huko kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. RS200 ni tamu, sibishani na mtu. Ukiivuta hadi juu inaimba na inakimbia kweli. Lakini sisi hapa tunatafuta gari ya pili ya bei nafuu, na unafuu wa gari ya zamani uko kwenye spea, haupo kwenye bei ya kununulia.

1G-FE hii hii yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) ndio iko kwenye Mark II GX110, kwenye Verossa, kwenye GX100 za mwishoni. Hizo gari Dar zimejaa, zimechakaa, nyingine zimegongwa zimekatwa, ina maana Ilala na Gerezani ukiulizia pampu ya maji, koili, sensa, hedi, hata injini nzima, unapata siku hiyo hiyo na unachagua. Tahadhari tu GX100 za mwanzo zina 1G ya zamani isiyo na VVT-i, vitu vingi haviingiliani, kwa hiyo mwambie muuzaji spea ni ya VVT-i na uende na kile cha zamani mkononi mlinganishe.

3S-GE ni habari nyingine. Watu wanasikia "3S" wanadhani ni ile ya RAV4 za zamani, Carina na Caldina, na wauzaji wengine watakupa spea za 3S-FE wakuambie inakaa. Jina la familia ni moja lakini hedi ni tofauti kabisa, na ile ya Altezza ina VVT-i pande zote mbili, upande wa hewa inayoingia na upande wa eksozi. Gia ya VVT-i ikianza kugonga gari inapowashwa asubuhi, hiyo spea utaisubiri. Tena RS200 imetengenezwa kwa petroli ya okteni ya juu, Japani kwenye mfuniko wa tenki wanakuandikia, wakati 1G inakunywa ya kawaida haina shida. Ukitaka RS200 kwa mapenzi nunua, ila bajeti yake iwe ya mapenzi, sio ya gari ya pili ya nafuu.

Injini zote mbili zinatumia taimingi belti, sio cheni, na kubadilisha ni kila kilometa 100,000. Sasa hapa watu wanadanganyana sana. Odometa inasoma 96,000, dalali anakwambia bado haijafika. Gari ya 2001 yenye kilometa 96,000 iliyozunguka mjini na namba B (usajili wa zamani)? Fungua boneti utafute stika za Wajapani, mara nyingi wakibadilisha belti wanabandika kikaratasi chenye tarehe na kilometa karibu na kava ya taimingi. Ukikuta kimeandikwa 103,000 na dashibodi inasoma 96,000, mazungumzo yameisha hapo, ondoka. Usipokikuta chochote chukulia belti haijawahi kubadilishwa, uweke kwenye bajeti belti, tenshena, pampu ya maji na sili za mbele vyote kwa mpigo, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Belti ikikatikia kwenye 3S-GE pistoni na valvu zinakutana, na hapo utakuwa unatafuta injini.

Siku ya kwenda kuiona mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, weka mkono kwenye boneti iwe baridi kweli. Ukikuta ya moto ujue kuna kitu amekipasha kisionekane. Fungua mfuniko wa oili, ukiona ute mweupe kama maziwa ujue maji na oili vimekutana. Fungua rejeta, angalia kama ina kulanti ya rangi au maji ya bomba yenye kutu. Kisha iwashe mwenyewe, na mtu mwingine asimame nyuma kwenye eksozi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani, moshi mweusi ni mafuta mengi, huo angalau ni sensa au plagi.

Halafu uliza kuhusu themostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupoza injini kulingana na joto. Narudia, uliza themostati. Hapa kwetu gari ikichemsha mara moja, fundi wa kwanza anaitoa anaitupa, gari inaacha kuchemsha kwa muda, mwenye gari anafurahi. Kinachotokea baadae ni kwamba injini haifiki joto lake barabarani, inakula mafuta, oili inachafuka mapema, na tatizo halisi, rejeta iliyoziba au feni iliyochoka au gasketi ya hedi, bado lipo limekaa pale linakusubiri kwenye foleni ya Mwenge saa nane mchana. Namna ya kujua bila kufungua: iendeshe barabara iliyo wazi kama robo saa halafu angalia mshale wa joto, ukishuka chini ya usawa wake kila unapokimbia na kupanda ukisimama, themostati haipo. Hiyo gari usiikatae palepale, ila omba kupima kompresheni (mgandamizo) silinda zote kabla hamjaongea bei. Muuzaji mwenye gari nzima hatakataa, ni kazi ya dakika chache.

Chini ya gari ndiko Altezza zinakomaliza hela za watu. Zile wishboni zina bushi nyingi, na barabara zetu na matuta yetu zinazimaliza. Cha kwanza kabisa ni boljointi (viungio vya duara vinavyoshika tairi) za chini za mbele. Hizi ni ugonjwa unaojulikana wa hii gari, hata IS200 za Ulaya, na zikichomoka tairi inalala ukiwa kwenye mwendo, kwa hiyo hapo hakuna cha kusema nitafanya mwezi ujao. Nyanyua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mpya, na nunua mpya kweli, boljointi za mtumba sizifungi kwenye gari ya mteja yeyote. Baada ya hapo pita kwenye tuta taratibu madirisha yakiwa wazi redio imezimwa, usikilize. Mlio mkavu mmoja ni stabilaiza linki, bei ndogo. Mlio wa kugonga mzito ni bushi au shokapu. Ukiona tairi za mbele zimelika upande wa ndani tu ujue alaimenti haikai kwa sababu bushi zimekufa, na usikubali kuambiwa "ni alaimenti tu hiyo".

Sasa niseme kuhusu zilizochezewa, maana Altezza kuipata ambayo haijachezewa ni kazi. Gari hii ilipendwa na vijana wa drifti na wa kuishusha chini. Spring zilizokatwa kwa grainda, eksozi isiyo na masega ya katalisti, waya zimeungwa kwa selotepu nyuma ya redio, rimu za 18 kwenye tairi nyembamba, vyote hivyo utavilipia wewe. Angalia ndani ya matao ya tairi za nyuma, ukikuta mabaki ya mpira ulioyeyuka yameganda kwenye bodi na pembeni ya bampa, hiyo imechomwa tairi sana, na maana yake difu, klachi na maunti za injini zimeteseka pamoja. Kwenye gia za mkono, gia boksi yake ya gia 6 ni nzuri ila sinkro (inayoingiza gia bila kukwaruza) ya gia ya pili inachoka ikipigwa kwa nguvu. Injini ikiwa bado baridi toka ya kwanza kwenda ya pili polepole, halafu rudi toka ya tatu kwenda ya pili, ikikwaruza umeshajua. Za otomatiki mimi nachomoa dipstiki nanusa, ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) nyeusi inayonuka kuungua inanitosha kuacha gari.

Kuna zilizobadilishwa injini pia, wengine wanaweka 2JZ, injini kubwa ya Toyota ya silinda 6. Kazi ikifanywa vizuri inavutia, ila kwa matumizi haya tunayoongelea sikushauri, na hata ukipenda, linganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Zikitofautiana muuzaji akabadilishe TRA kwanza yeye, kabla ya hela kutoka mfukoni kwako. Namba ya chasisi nayo isome kwenye gari yenyewe, inaanza na GXE10 kwa AS200 na SXE10 kwa RS200. Wapo wanaouza AS200 zenye nembo za RS200 nyuma. Na ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki uone madeni, dakika moja tu.

Kuhusu gharama za kukaa nayo, Tanzania tuna unafuu mmoja ambao watu wanausahau, ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Zamani gari iliyolala uani ilikuwa inazalisha deni, siku hizi usipoiendesha hulipi. Inabaki bima, na kwa umri huu utakata bima ndogo, kampuni nyingi zinasita kutoa bima kubwa kwa gari za miaka 20 na zaidi. Kwa hiyo ikiibiwa au ukigonga mti hasara ni yako, weka hilo kichwani unapoamua uweke shilingi ngapi.

Hapo ndipo ile theluthi inapoingia. Una milioni 9, tafuta ya milioni 6. Hizo 3 zinaenda kwenye taimingi belti na pampu, boljointi na bushi za mbele, oili zote (injini, gia boksi, difu, breki), kulanti na themostati mpya, na tairi. Tairi usiangalie kashata (meno ya tairi) peke yake, soma zile tarakimu nne ubavuni, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na gari za wikiendi ndio zinakuwa na tairi zenye kashata nzuri huku mpira umeshakauka. Ukinunua ya milioni 9 yote utaanza kuendesha na boljointi zake mbovu ukisema nitajipanga, na nimeona gari nyingi nzuri zikifia uani namna hiyo, zinauzwa vipande vipande.

Na ikishakuwa yako usiifungie. Kuiwasha dakika tano pale pale uani haisaidii, inakusanya unyevu tu kwenye oili na eksozi. Itoe kila wiki, nusu saa hadi injini, gia boksi na difu vyote vipate moto, ushike breki kwa nguvu mara mbili tatu disiki zisiote kutu. Wanaokaa Kigamboni na Mbezi Beach kule karibu na chumvi muwe mnaosha na chini kwa maji yasiyo na chumvi. Panya nao wanapenda waya za gari iliyosimama, ukiona choo chao juu ya injini kagua waya za injekta kabla hujawasha.

Mwenye AS200 anayoitilia shaka aweke picha ya chini ya gari na sauti ya injini ikiwashwa asubuhi, nitasikiliza nimjibu.