Kovu la sikio na siku ya kwanza kliniki: tunayozungumza kabla ya kisu

Binti aliingia na mama yake, akaketi, akakaza ushungi. Tuliposalimiana, mama ndiye aliyeanza: "Daktari, tumekuja kutoa hizi nyama za masikio. Harusi ni wiki sita zijazo." Binti alipolegeza ushungi niliona uvimbe nyuma ya kila ndewe. Wa kulia ulikuwa mkubwa kama zabibu, wa kushoto umegawanyika mara mbili, wote unang'aa na mgumu ukiugusa. Alikuwa ametoga tundu la pili wakati wa likizo baada ya mtihani wa kidato cha nne.

Niliwaambia kwamba siku ile nisingekata. Mama alinitazama kana kwamba nimewafukuza. Naandika kwa sababu ya macho yale, maana nayaona karibu kila wiki: watu wanakuja siku ya kwanza wakiamini wataondoka na bandeji, na mazungumzo wanayaona kama kucheleweshwa. Kwangu mazungumzo yale ni nusu ya tiba. Nataka ujue yanakwendaje kabla hujapanda daladala kuja.

Kwanza jina lenyewe: mimi ni daktari wa upasuaji wa plastiki. Wazee huniuliza kama nitawawekea plastiki usoni. Sitaweka. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, maana yake ni kufinyanga, na madaktari walilitumia kabla ndoo na mifuko ya plastiki haijakuwepo duniani. Siku hizi hospitali zetu husema upasuaji rekebishi, na jina hilo nalipenda kwa sababu linaeleza kazi. Wagonjwa wangu wengi ni wa ajali za bodaboda, waliomwagikiwa mafuta ya moto, watoto waliozaliwa na mdomo wazi, na watu wenye makovu yanayoota kama huyu binti. Wanaotaka tu kubadilisha umbo la pua au kope wapo pia, na wanakaribishwa kwa heshima ileile.

Ukikaa, swali langu la kwanza ni: kinakusumbua nini? Nakupa kioo cha mkono na kukuomba unioneshe kwa kidole kimoja. Sikutajii mimi ninachokiona. Niliwahi kumpokea mzee mwenye kovu pana la kipajini, nikadhani najua kilichomleta. Kidole chake kilikwenda kwenye alama ndogo pembeni ya mdomo. Ilikuwa inavuta akicheka, chai ikamwagika mbele za wajukuu. Kipaji hakikumsumbua hata kidogo. Ningeanza kuzungumzia kipaji ningempotezea siku.

Wapo pia wanaonionesha kitu ambacho hata chini ya taa kali sikioni. Hao siwacheki na siwakatalii haraka. Nawauliza wanatumia muda gani kwa siku mbele ya kioo, na kama wameacha kwenda kazini au msikitini au kanisani kwa sababu ya uso. Kuna maumivu ambayo kisu hakiyafikii, na mara nyingine rufaa ya kwanza ninayoandika ni ya mtaalamu wa afya ya akili.

Jambo dogo kwa wanaokuja kwa ajili ya pua: msinionyeshe picha mlizojipiga wenyewe kwa simu. Picha iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko iliyopigwa umbali wa mita moja na nusu. Watu wamelia mbele yangu kwa ajili ya pua ambayo haipo. Picha za kliniki nazipiga mimi, kwa ruhusa yako ya maandishi: mbele, pembeni kidogo kila upande, na pembeni kabisa. Hukai na vipodozi, nywele zinarudishwa nyuma.

Baada ya hapo naisoma ngozi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Nitakuomba unioneshe bega lilipochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ulipokuwa mchanga. Nitauliza kuhusu kovu la upasuaji wa kujifungua, chale, jeraha la utotoni gotini, vipele vya kunyoa ndevu. Kila kovu ulilonalo ni ushahidi wa jinsi mwili wako unavyofunga jeraha, na ushahidi huo unazidi ahadi yoyote ninayoweza kukupa.

Kovu la kawaida linaweza kuvimba na kuwa jekundu au jeusi zaidi kwa miezi kadhaa, lakini hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na mara nyingi hushuka polepole. Keloidi, yaani kovu linaloota kama la huyu binti, huvuka mipaka. Tundu la hereni lenye upana wa sindano linazaa uvimbe wa sentimita tatu. Mfikirie fundi aliyejenga ukuta ukafika urefu uliotakiwa, mwenye nyumba akasahau kumwambia basi, naye akaendelea kupanga matofali. Seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayojenga ngozi, ndizo mafundi hao. Kovu la namna hii linawasha, linachoma usiku, na kwa wengine halikomi kukua. Watu wenye ngozi nyeusi hulipata zaidi, hasa kati ya miaka 10 na 30, na mara nyingi hutembea ndani ya ukoo. Kwa hiyo nilimgeukia mama, nikamwuliza kwa adabu kama naye analo. Alishusha kitenge kidogo. Kifuani palikuwa na kovu refu lililotokana na chunusi ya ujana wake, ambalo hakuwahi kumwonesha daktari yeyote.

Sasa niseme lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Keloidi ikikatwa tu, bila tiba nyingine, hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa kwa makadirio ya chini kabisa, na ripoti nyingine zinakaribia wote. Mara nyingi hurudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu umewapa wale mafundi jeraha jipya la kujenga. Ndiyo maana kisu kikitumika hufuatana na kitu kingine: sindano za triamsinoloni (dawa ya steroidi) ndani ya kovu kila wiki 4 hadi 6, hereni maalumu za kubana ndewe, karatasi za silikoni zinazovaliwa saa nyingi kila siku kwa miezi, au mionzi inayoanza ndani ya siku moja au mbili baada ya kukata. Mionzi hupangwa kabla ya kisu kwa sababu haingoji, na kwa mtoto au mjamzito siiandiki. Uvimbe mdogo unaweza kutibiwa kwa sindano peke yake. Sindano zenyewe zina gharama zake: zinauma, zinaweza kuifanya ngozi iwe nyembamba au kuacha doa jeupe. Hayo nayasema siku ya kwanza, si siku doa linapotokea.

Somo hili nililipata kwa kumuumiza mtu. Mwaka wangu wa pili baada ya ubingwa nilimkata kijana aliyetoka Kigoma, keloidi ya taya iliyoanzia kwenye vipele vya ndevu. Nyuzi zilitoka vizuri, akanishukuru, akapanda basi. Sikuwa nimemwuliza angerudije kila mwezi kwa sindano. Hakuweza, nauli peke yake ilikuwa mzigo. Alirudi baada ya miezi minane, kovu limeshuka hadi shingoni. Kosa lilikuwa langu na nilimwambia hivyo. Tangu siku hiyo swali la "unaishi wapi, na nani atakuleta?" liko juu kabisa ya fomu yangu, sambamba na la presha na kisukari.

Kuna maswali ninayoyauliza ndugu akiwa ametoka nje. Nilimwomba mama atusubiri kwenye benchi, nikamwuliza binti kuhusu mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Alinyamaza, kisha akatoa kopo dogo kwenye mkoba. Huwa siulizi ili nihukumu. Krimu hizo nyingi zina steroidi kali, nyingine haidrokwinoni au zebaki. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi ya namna hiyo hupona taratibu. Zebaki hudhuru figo. Ukija, njoo na kopo lenyewe hata kama halina maandishi. Nilimwuliza pia kama wanapanga kupata mtoto mapema, maana keloidi huweza kukua wakati wa ujauzito na sindano zangu zingebidi zisimame.

Orodha ya dawa uje nayo kamili. Aspirini, diklofenaki ya mgongo, vidonge vya kitunguu saumu na miti shamba, vyote naomba nivijue, kwa kuwa baadhi huongeza damu kutoka. Ila dawa ya kuzuia damu kuganda uliyoandikiwa na daktari wa moyo usiiache mwenyewe, nitazungumza naye. Sigara na shisha ziache wiki 4 kabla. Kama una selimundu, kisukari au VVU, niambie bila hofu. Hayo hayakufungii mlango, yananipa tu namna ya kujiandaa.

Kwenye uchunguzi nitakuomba ufanye vituko: inua nyusi, fumba macho kwa nguvu, jaza mashavu upepo, onesha meno. Naangalia mishipa ya fahamu inayoendesha uso, na naandika nilichokiona. Mdomo ukiwa umepinda kidogo tangu zamani, wote wawili tujue kabla ya kisu. Kovu nalipima kwa rula ya milimita na kuandika kipimo, ili mwezi ujao tusibishane kwa kumbukumbu.

Kuhusu maumivu: ndewe tunafanya kwa ganzi, uko macho, unasikia kuvutwa lakini husikii kukatwa. Nusu kaputi ni kwa kazi kubwa au kwa watoto, na hapo hutakula kwa saa 6 kabla. Kila nyama nitakayoitoa itakwenda maabara, hata kama nina hakika ni keloidi, kwa sababu zipo saratani chache za ngozi zinazojifanya kovu.

Nami niulize. Niulize nimesajiliwa wapi. Kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na swali hilo haliniudhi. Niulize nimefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na niombe nikuoneshe picha za waliopona vibaya pia. Niulize gharama yote mpaka mwisho, pamoja na sindano za mwaka mzima, wala si bei ya siku ya kisu tu. Bima nyingi hazilipii kinachoitwa urembo, lakini kovu linalouma au linalozuia mdomo kufunguka ni habari nyingine, kwa hiyo pata jibu la bima yako kwa maandishi. Daktari anayekutajia tarehe ya upasuaji kabla hajakugusa uso, mimi nisingempa uso wangu.

Mama aliporudi ndani nilichora kwenye karatasi. Tukikata wiki hii, nyuzi zitatoka baada ya wiki moja hivi, lakini siku ya harusi itaangukia wakati kovu jipya ni gumu, linawasha na lina rangi kali. Baada ya harusi binti anahamia Mtwara. Sindano atachomwa na nani? Tulikubaliana aanze na sindano siku ileile, arudi mara moja kabla ya harusi, nami niandike barua kwa mwenzangu katika hospitali ya rufaa ya kule aendelee naye. Kisu tutakizungumza baada ya miezi sita, uvimbe ukiwa umelainika, na kama bado ataona unahitajika. Harusini atajifunga kilemba. Binti alisema tayari shangazi yake alikuwa amekichagua, cha dhahabu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alitabasamu.

Walipokuwa mlangoni mama aligeuka. Nyumbani kuna mdogo wake, ana miaka 9, anadai hereni kila siku. Je, wamtoge sasa kabla hajakua, kwa kuwa wamesikia waliotogwa wadogo hawapati? Ni kweli keloidi za masikio hutokea zaidi kwa wanaotoga wakiwa na miaka 11 na kuendelea. Lakini mama analo kifuani na dada analo masikio yote mawili. Nilimwambia kwa mtoto wa nyumba ile nisingetoboa kabisa, katika umri wowote. Zipo hereni za kubana zisizohitaji tundu, amnunulie hizo, na azivue usiku.